Marehemu Anaomba Kiti

Marl Creek, Ohio
9 Februari 2018

Lorna mwanangu,

Ati umeshinda tuzo, na mimi mama yako naambiwa na mtu wa maktaba! Nilikwenda kurudisha vitabu vyangu vya upelelezi, yule binti wa mapokezi akanirukia kama mimi ndiye niliyeshinda. "Bi Hatcher, umesikia? Tuzo ya ushairi ya Halloran! Watampa huko Chicago mwezi wa Mei!" Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba habari ninazo tangu jana. Loo, ungeona nilivyojikaza. Nilipoingia ndani ya gari ndipo nikapiga vigelegele peke yangu, mpaka mwanamume aliyekuwa anapita akageuka kunitazama.

Ninajua hata ungepiga simu ungejichosha bure. Sikio la kulia limekufa na la kushoto linasikia linalotaka. Lakini barua je? Kalamu si ndiyo jembe lako?

Haya, sikiliza. Nakuja Chicago. Gauni ninalo, lile la buluu nililovaa dada yangu Nedra alipomwoza binti yake kule Kentucky. Niwekee kiti cha mbele, nione midomo yako unaposoma, maana sauti sitaipata. Na kitabu chenyewe niletee. Hapa maktaba bado hawajakipata, na mimi nimeona picha ya jalada tu.

Na hapo Tucson bado upo, au umeshahama? Kadi yangu ya Krismasi ilirudi kutoka ile Massachusetts yako imepigwa mihuri kila upande. Mtu ana miaka hamsini na moja, hana hata sofa! Unafundisha mwaka huku, mwaka kule, kama mtu anayefukuzwa. Nani anakufukuza, mama?

Nimefurahi, mwanangu. Baba yako Dale angekuwa hai angelitangazia duka zima la vipuri.

Mama yako,
Twila Hatcher
(liandike jina langu lote kwenye kile kiti)


Tucson, Arizona
20 Februari 2018

Mama mpenzi,

Nisamehe kwa habari kukufikia kwa mlango wa nyuma. Kila siku nilisema nitakuandikia kesho.

Kuhusu Chicago, sijui nianze wapi. Ule ukumbi ni wa zamani na una ngazi nyingi, na mimi nawaza nyonga yako. Viti vya mbele vyote vimeshikwa na watu wa kamati. Halafu utakuja, utakaa kwenye joto la watu, husikii kitu, mimi nimezungukwa na waandishi wa habari, sitapata hata nafasi ya kula nawe. Afadhali nije Marl Creek wakati wa kiangazi, tukae sisi wawili tu barazani. Nitakuletea picha zote. Kitabu pia nitakuletea, kwa mkono wangu.

Hapa sitakaa sana. Nyumba nimeichoka. Masanduku mengine sijayafungua tangu nilipofika, nayaruka kila ninapokwenda jikoni. Naamka, natembea mpaka barabara kuu, narudi, naandika mstari, naufuta, natoka tena. Seattle wamenipa kazi ya mwaka mmoja kuanzia vuli. Sofa nitanunua huko, usinicheke.

Usikasirike.

Wako,
Lorna


Marl Creek
3 Machi 2018

Lorna,

Ngazi! Mimi niliyeendesha basi la shule kwenye vilima hivi, theluji mpaka magotini, watoto wa watu wanarushiana maganda ya machungwa kisogoni kwangu, nije nishindwe na ngazi za Chicago? Tafuta uongo mwingine, huo haujaiva.

Unanizungusha. Nakujua tangu hujaota meno, ukificha kitu unakuwa mpole na unaanza kuulizia nyonga yangu. Kuna mwanamume? Kuna mwanamke? Umeolewa kimyakimya? Sema tu, nitampenda, nimezeeka na sina nguvu za kuchagua.

Au ni mimi? Unanionea haya mbele ya wasomi wako? Najua ninavyosema, najua nacheka kwa sauti kubwa kwa sababu sijisikii. Kama ni hilo, niambie nikae kimya, nitakaa kimya kama kabati. Hawatajua hata kama ninatoka Ohio. Lakini usiniache nyumbani, Lorna. Umeandika miaka yote hiyo watu wakikuona mwendawazimu, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiwaambia mgoje muone. Sasa siku ya kuona imefika, nami ndiye nizuiwe mlangoni?

Mwisho wa mwezi nakwenda kwa Nedra, nitarudi baada ya Pasaka. Sijamwambia mtu, hata jirani yangu Oleta Pruitt, maana akijua nasafiri atataka apande na yeye, na njia nzima ataimba. Nijibu kabla sijaondoka.

Mama


Iowa City
19 Machi 2018

Mama,

Sikuonei haya. Sikuonei haya hata chembe, na usiliseme tena neno hilo, limeninyima usingizi.

Tiketi zimekwisha. Niliuliza tena leo. Basi.

Nimo safarini kusoma mashairi, leo hapa, keshokutwa mji mwingine, halafu sijui wapi, wameandika kwenye karatasi nami naifuata karatasi. Nikikaa mahali siku tatu naona kuta zinanisogelea. Nafungua begi, nalifunga. Lakini watu wanajaa, Mama. Zamani nilikuwa nasomea viti vitupu na mfagiaji. Sasa nikimaliza wanapanga mstari, wananishika mikono, wengine wanalia, wananipa pole. Sikutegemea kama mambo yangefika hapa, na sijui niyashike vipi.

Nisalimie Nedra. Endesha taratibu.

Lorna


Marl Creek
10 Aprili 2018

Lorna,

Jana nimerudi kutoka kwa Nedra. Naingiza gari uani, naona baraza langu limejaa mabakuli. Tambi na samaki wa kopo. Viazi vya jibini. Paja zima la nguruwe, limeokwa. Na ile jeli ya kijani yenye mananasi ndani, ambayo hapa kwetu haipikwi ila kuna msiba. Kila bakuli lina selotepu chini na jina la mwenyewe, ili lipate kurudi. Roho ikanitoka. Nikajiuliza, nani amekufa? Nikakuwaza wewe, na hayo mandege yako na hayo mabarabara yako. Nilikaa pale kwenye ngazi, koti mwilini, namwomba Mungu asiwe wewe.

Ndipo akatokea Oleta na keki. Akaniona. Keki chini, sahani vipande vipande.

"Twila! Wewe si umekufa?"

"Nilikuwa Kentucky," nikamwambia.

"Lakini gazeti limesema!"

"Kentucky ni pabaya, Oleta, lakini si pabaya kiasi hicho."

Akakaa chini kando yangu akalia, akanishika uso kama ananipima joto. Kumbe gazeti la wilaya limechapa shairi lako, "Kumwosha Mama", na juu yake wameandika kwamba mshairi wetu amemwombolezea mama yake mzazi aliyefariki, na ndilo lililomletea tuzo. Watu walipokuja kutazama, nyumba imefungwa, mapazia yameshuka, gari halipo. Kanisa zima likawasha majiko.

Nimelisoma. Nimelisoma nimesimama jikoni, mbele ya sinki ile ile unayoitaja. Humo unanilaza. Unaniosha nywele, niko baridi. Unanifumba macho.

Sasa nimezielewa ngazi za Chicago. Nimezielewa tiketi zilizokwisha. Na zile pole ulizokuwa unapewa, kumbe ni zangu! Mimi nalala najiuliza kama unayaonea haya meno yangu, na wewe unanificha kwa sababu nimekataa kufa kwa wakati!

Sijaweza kula hata kijiko kimoja cha vyakula hivi. Na wajua desturi ya hapa. Mabakuli lazima niyaoshe, niyarudishe nyumba kwa nyumba kwa mkono wangu, nikaribishwe kahawa, nikae. Na kila nyumba nieleze kwamba aliyeniua ni mwanangu, na kwamba wamempa tuzo.

Marehemu mama yako


Minneapolis
16 Aprili 2018

Mama,

Barua yako imenikuta hapa, imenifuata kutoka Tucson. Nimeisoma nimesimama kwenye ujia wa hoteli, sijaweza hata kuingia chumbani.

Nakuomba unisikilize. Yule "mimi" wa kwenye shairi si mimi, na yule mama si wewe. Ndivyo kazi yetu ilivyo, mtu huvaa sauti, akaivua. Mwalimu yeyote wa ushairi angekuambia. Hakuna mahali nilipoandika Twila Hatcher amefariki.

Najua. Najua unanitazamaje ukisoma hapo.

Basi ukweli ni huu. Unakumbuka majira ya baridi yale ulipovunjika mkono, nikaja kukuosha nywele jikoni? Nilikiinamisha kichwa chako kwenye sinki, nikaiona shingo yako kwa nyuma, jinsi ilivyokuwa nyembamba, na hofu ikanishika, Mama, hofu ambayo sijawahi kuijua. Nikarudi Massachusetts nayo. Sikulala, sikukaa, nilitembea tu. Mwishowe niliiandika, nikaiacha iende mpaka mwisho wake ili initoke. Ikatoka, ikawa shairi bora kuliko yote niliyowahi kuandika.

Mtu wa kwanza aliponipa pole nilimwambia asante. Sikufikiri. Wa pili nilishindwa kumkatalia maana yule wa kwanza alikuwa amesimama hapo hapo. Kisha kamati ikanisifu kwa maandishi, kwa "msiba alioubeba kwa heshima", nami nikainama kama mtu mwenye msiba. Nimeandika miaka ishirini bila msomaji. Shairi hili moja limenipa kazi, limenipa jina. Nikisema sasa kwamba uko jikoni unakunywa kahawa, wataniita tapeli kabla sijashuka jukwaani.

Kwa hiyo nakuomba: usije Chicago. Acha sherehe ipite. Baada ya hapo nitasema kila kitu, mbele za watu, kwa mdomo wangu. Nakuapia.

Lorna


Marl Creek
25 Aprili 2018

Lorna,

Hofu ninaijua. Baba yako alipolala hospitalini nilikuwa nikimwangalia miguu tu, uso sikuthubutu. Kwa hilo sikulaumu.

Lakini nikuambie kinachoniuma, maana naona umekikosea. Si kufa. Kufa nitakufa tu. Siku ile kwenye sinki nilikuwa nasema, Lorna. Nilikuambia maji ya moto mno, unanichemsha kama kuku. Nilikuambia una mikono ya baba yako, mizito. Nikakusimulia alivyojaribu kunisuka nywele tulipokuwa wachumba, akanifunga kichwa kwenye egemeo la kiti, tukacheka mpaka sabuni ikaniingia machoni. Sikunyamaza hata nukta moja! Kwenye shairi lako nimelala kimya kabisa, natoka maji tu. Umeninyang'anya mdomo, na mimi mdomo wangu ndio mimi.

Umeniomba nisije. Sawa, siji.

Ila hilo uliloapa, ulitimize. Mimi nimeshafanya zamu yangu, nimepita nyumba zote na mabakuli, nimebakiza mbili. Bi Swearingen alinishika mkono akaniambia pole kwa yaliyokupata, na mimi sikujua ni pole ya kufa au ya kuwa na wewe.

Mama


Chicago, stendi ya mabasi
13 Mei 2018

Mama,

Ulikuwa wewe. Nimepiga simu hoteli zote ninazozijua, nimekimbia mpaka hapa, basi la Ohio limekwisha kuondoka. Naandika kwenye benchi, watu wananitazama, shauri yao.

Nataka uyajue yaliyokuwa upande wangu wa meza. Baada ya kusoma waliniweka kutia vitabu sahihi. Mstari ulikuwa mrefu, nilikuwa nimechoka kuinua kichwa, naona mikono ya watu tu. Ikaja mikono na kitabu. Nikasema bila kutazama, "Nikuandikie kwa jina gani?" Nikainua macho, nikaliona gauni la buluu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa amesimama begani kwangu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amewaomba watu wote ukumbini wasimame wamkumbuke mama yangu. Wakasimama. Na wewe, ulisimama? Niambie kama ulisimama.

Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu kulisema. Nilifungua mdomo. Mama, nilifungua mdomo, nikasikia sauti yangu inarudia, taratibu, kama mtu anayemsaidia kikongwe asiyemjua: "Nikuandikie kwa jina gani?"

Ukatazama midomo yangu. Ukasema, "Oleta."

Nikaandika. Kwa Oleta, kwa shukrani. Mwandiko ukatoka mzuri kabisa. Ukasema asante, ukashika kitabu chako, ukaenda, na mtu mwingine akaja mahali pako akaweka kitabu chake.

Kwa nini hukunizaba kofi? Ningekushukuru. Sijui niende wapi sasa. Tiketi yangu ni ya Tucson na sitaki Tucson, sitaki popote.

Lorna


Marl Creek
22 Mei 2018

Lorna,

Ndiyo, nilisimama. Ukumbi mzima umesimama, ningebaki nimekaa peke yangu ningeonekana sina adabu. Mwanamke wa kando yangu akanishika mkono, macho yamemjaa machozi, akaniuliza kwa kuinamisha uso wake niuone, "Ulimjua marehemu?"

Nikamwambia, "Tulikuwa tunaishi pamoja."

Basi akanikumbatia! Akanipa na peremende.

Nilisema siji, nikaja. Nilitaka kukuona ukipigiwa makofi, hilo tu. Nilidhani nitakaa katikati ya watu nisionekane, halafu nirudi zangu. Lakini ulisoma vizuri, mwanangu. Sikusikia neno, nikayaona yote kwenye midomo yako, na nilimlilia yule mama wa watu kwenye sinki mpaka nikasahau kwamba ni mimi. Ndipo nikapanga mstari kama mjinga. Nilitaka mkono wako uandike jina langu kwenye kitabu.

Kwa nini Oleta? Kwa sababu uso wako ulikuwa umeisha damu. Ulinitazama kama siku ile ulipopotea kwenye maonyesho ya wilaya, tukakukuta nyuma ya mabanda ya ng'ombe. Siwezi kukuumbua mbele za watu. Siwezi, hata ukinizika mara mia. Nikataja jina la kwanza lililonijia, na la Oleta ndilo liko karibu siku zote, kama mwenyewe.

Lakini usidhani nilirudi nimetulia. Kwenye basi nililia, kisha nikakasirika, kisha nikalia kwa kukasirika. Sitajificha tena chini ya jina la jirani. Uliapa. Sherehe imepita.

Mama


Seattle, Washington
9 Julai 2018

Mama!

Umesikia? Yaani, umeambiwa? Nimesema! Nilihojiwa redioni, redio ya nchi nzima, mtangazaji akaanza, "Baada ya kumpoteza mama yako..." nikamkata. Nikamwambia mama yangu yu hai, anaishi Marl Creek, Ohio, na ana mdomo kuliko sisi wote. Nikasimulia mabakuli. Nikasimulia mwenyekiti na ukumbi uliosimama. Nikasimulia lile jina la Oleta. Nililia hewani.

Nilitegemea mawe. Wapi! Barua zinamiminika. Watu wanapiga simu kwa mama zao. Kamati imetoa tamko kwamba wanaliona shairi kuwa na kina zaidi sasa. Na mchapishaji wangu, Mama, anataka kitabu kizima juu yako. Si mashairi, ni habari zako wewe, ukiwa hai, ukisema! Ule mdomo niliokunyang'anya nitakurudishia, kurasa mia tatu.

Nimehamia Seattle mapema ili nianze. Sijalala wiki nzima, naandika nimesimama, nimeshamaliza sura ya safari yako ya basi na ile ya sinki naiandika upya, maji ya moto, egemeo la kiti, yote. Sasa nakuhitaji. Nijibu haya upesi: Baba alikuposa wapi, na alisema nini hasa? Ulipokaa kwenye ngazi za baraza ukidhani nimekufa, uliwaza nini kwanza? Nyonga inauma namna gani, ya kuchoma au ya kuvuta? Uliwahi kutaka kuondoka Marl Creek? Uliwahi kutaka kumwacha Baba? Ukikasirika usijizuie, andika kama unavyosema, sitabadilisha hata neno. Na kila jambo la siku, hata dogo, ulivyoamka, ulichokula, niletee.

Nakupenda. Ningekuja mwenyewe, lakini sasa hivi nikiinuka mezani mkondo utakatika.

Lorna


Marl Creek
21 Julai 2018

Lorna,

Oleta alisikia redio, akaja mbio na tambara la vyombo mkononi kunipa habari kwamba nimefufuka, na kwamba jina lake limetajwa nchi nzima. Hajakaa chini tangu siku hiyo. Uliapa na umetimiza, sina neno. Nilimwomba arudie ulivyosema, mara tatu, nikitazama midomo yake. Nilifurahi.

Kisha ikaja barua yako.

Nimeiweka mezani siku nyingi. Kila asubuhi naitazama na kikombe changu cha kahawa. Maswali yako mazuri, yanauliza kama yule kijana wa bima aliyekuja baba yako alipofariki, naye alikuwa mpole hivyo hivyo. Nilishika kalamu nikujibu juu ya kuposwa. Nikaanza, "Baba yako alikuwa..." nikaona nakaa wima, natafuta neno zuri. Nikavaa na miwani yangu mizuri! Mimi, kwa ajili yako! Nikaichana.

Umeniua, nikanyamaza. Umenifufua, nikashukuru. Sasa naona unataka kunitembeza sokoni.

Nimeanza kukuficha mambo, ulijua? Juzi mtungi wa maziwa uliniponyoka, paka wa watu akaingia mlango wa nyuma, akakaa katikati ya ile bahari, akanitazama kana kwamba ndiye aliyeagiza. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema hii nimwandikie Lorna. Kisha nikasema, la, ataipeleka kwa mchapishaji. Hii nimekuandikia leo ili uone, na ninakukataza kuitumia. Miaka yote hiyo ulipokuwa huna msomaji, kila kilichonipata nilikuwa nakifunga kwenye bahasha nakutumia popote ulipohamia. Sasa natembea nyumbani kwangu mwenyewe nimefunga mdomo.

Na kuna jambo jingine. Alhamisi nilikwenda kwa daktari, akaniambia kitu. Bado sijamwambia Nedra, Oleta ndiyo kabisa. Nimelibeba mwenyewe siku hizi, nalala nalo, naamka nalo, na mtu ninayetaka kumwambia ni mmoja tu. Lakini nikiliandika hapa, sijui litafikia mikono ya nani. Siwezi kumwambia mshairi. Nitamwambia mwanangu, siku nitakapoona mwandiko wake unaniuliza hujambo bila kutaka kitu.

Acha kuniandika, Lorna. Niandikie.

Mama